Neno la Albertina Nililolipeleka Mulongo

Majirani zangu wa Kamalondo, siku ile mliponipokea stesheni nikishuka na sanduku moja na mtoto mmoja, hamkuniuliza kitu. Mlibeba sanduku mkanifikisha nyumbani, na Mungu awabariki kwa kunyamaza kwenu. Sasa wiki mbili zimepita, na kila mtu anayepita karakana yangu ya useremala anasimama mlangoni, anauliza habari za kiti ambacho hana haja nacho, kisha anajikuna kichwa: "Na Ngoie?" Nimechoka kujibu nusu nusu huku nimeshika randa. Nimekaa Jumapili mbili nikaandika yote, msomeane.

Mambo ya ruhusa na karatasi za safari siyaandiki. Mnayajua, yamewachosha ninyi kama yalivyonichosha mimi.

Mnajua pia kwamba mke wangu Albertina alifariki masika ya mwaka juzi. Msichojua ni kwamba alifariki akiniachia neno. Siku mbili kabla ya kufa alinishika mkono akasema: "Petelo ubakie naye. Ngoie umupeleke kwa mama ku Mulongo. Usimwache mama mikono mitupu, alinitoa kwako na hakuniona tena." Nilisema ndiyo. Mtu gani angesema hapana pale? Lakini nilipotoka makaburini nikawakuta watoto wamekaa kwenye ngazi, Ngoie wa miaka tisa amemfunga mdogo wake viatu kwa namna ileile ya mama yake, nilijua kwamba neno lile sitalitimiza. Halikusikiwa na mtu mwingine. Nilifunga mdomo.

Ndipo ikaja barua ya shemeji Kabamba, kaka mkubwa wa Albertina. Mdogo wao wa mwisho, Numbi, anafunga ndoa Jumamosi fulani, misheni ya Mulongo. "Kuja na batoto," aliandika. "Mama anabauliza kila siku." Ningekataaje? Nikapanga moyoni hivi: twende, tucheze ndoa, nirudi na watoto wangu wawili.

## Kutoka mjini mpaka Tenke

Tuliondoka asubuhi. Zawadi yangu kwa bibi harusi ilikuwa kitanda cha mbao ya mulombwa, nimekifungua vipande vipande na kukifunga kwa blanketi. Ubao wa kichwani haukuingia chini ya benchi, kwa hiyo safari nzima ulisimama kati ya magoti yangu, na kila mtu aliyepita aliugonga kwa paji la uso akaniangalia kama mimi ndiye niliyeleta ubaya wote wa treni ya daraja letu.

Mbele yetu alikaa fundi wa nguo kutoka Kasai, mtu wa maneno mengi, amepakata cherehani yake kama mtoto. Alimtazama Ngoie akimpa mdogo wake mkate: sehemu laini kwa Petelo, ganda kwake mwenyewe.

"Eh, papa," akaniambia, "huyu njo bibi ya nyumba."

Alikuwa anasifu. Mimi niligeukia dirisha. Ni kweli, tangu mwaka juzi Ngoie ndiye anayejua chumvi ilipo, ndiye anayejua Petelo ameogopa nini. Na anapoosha vyombo ana wimbo wa puani, hana habari kwamba anauimba, ni wa mama yake mtupu. Jioni nikirudi hukaa kwanza nje ya mlango, kwa kuusikia. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Tenke tulisimama kungoja treni nyingine ipite. Watu waliambiwa nusu saa, tukakaa toka jua la saa sita mpaka vivuli vikalala. Tulikunywa munkoyo wa mama mmoja mpaka mtungi wake ukaisha. Petelo alilia akitaka kurudi nyumbani, akasema yeye hao akina Numbi hata hawajui. Ngoie akamwambia kwamba kule kuna kambo, mama ya mama yao, naye ana kuku mia, na kila kuku ana jina. Aliyatunga hapohapo. Kijana akanyamaza kwa ajili ya majina ya kuku.

## Bukama, kungoja meli

Bukama reli inakutana na Lualaba, na mambo yote yanapungua mwendo. Tulifika Jumapili. Meli ya kuni ya kushuka mto, tuliambiwa, ni kesho. Kesho yake ikawa kesho. Joto la kule si la kwetu. Mtu anakaa tu na anatoka jasho. Tulilala kwenye nyumba ya mjane mmoja aliyetupikia bukari, ugali wa mihogo, na samaki kila mlo, na Petelo akauliza kama watu wa huku hawajui nyama. Mjane alicheka mpaka akashika mlango.

Lakini kicheko kingine hakikunifurahisha. Wanawake wa sokoni walimsalimia Ngoie kwa Kiluba, yeye akaniangalia. Wakamsemesha tena. "Sisikii," akasema kwa Kiswahili.

"Ah! Muluba gani huyu? Mutoto wa Bazungu!"

Walicheka bila ubaya. Mimi niliona haya, kwa sababu Kiluba changu mwenyewe kimechechemea tangu zamani. Baba yangu alikuja kujenga reli, nikazaliwa Elisabethville, nikakua na Kiswahili cha mjini. Hata Albertina sikumfuata mimi Mulongo. Baba yangu mdogo ndiye aliyekwenda kumposa, kaka wa Albertina ndiye aliyeniletea binti mpaka mlangoni. Kwa hiyo mama mkwe wangu sikuwahi kumwona hata kivuli, na nilipopanda treni hii sikutarajia kumwona. Wazee wangu walinifundisha buko, hilo tu nililishika vizuri: mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani ila kwa ukuta katikati au kwa mdomo wa mtoto. Akivunja mmoja, anatoa kuku kwa mwenzake. Kusema kweli, safari hii nililishukuru buko. Nisingelazimika kumtazama mama yule machoni huku nimelificha neno la binti yake.

Jumatano mchana meli ikafika.

## Tishari la kushoto

Wasafiri wa namna yetu hatukai kwenye meli yenyewe. Tulipakiwa kwenye tishari lililofungwa ubavuni, pamoja na magunia ya chumvi, baiskeli, na mbuzi watatu waliokuwa wamependa blanketi la kitanda changu. Maji yalikuwa mapana, kisha yakaingia kwenye mafunjo, ukuta wa kijani pande zote, mpaka ukadhani meli inakwenda shambani. Petelo aliona kiboko, au alisema ameona.

Kikondja walipanda watu wachache. Mmoja alikuwa mwanamke mzima, mwenye nywele za kijivu chini ya kitambaa, na vikapu viwili vya samaki waliokaushwa. Alitafuta mahali, akaona mbao za kitanda changu nimezilaza, akakaa juu yake bila kuuliza.

"Mama, ile njo kitanda ya ndoa," nikamwambia.

"Njo muzuri. Iko nguvu," akasema, akaipigapiga kwa kiganja, na hakuinuka.

Nilimpenda palepale. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Bukama, ambako alikuwa anauza samaki. Ngoie alimsogelea kuangalia vikapu. Mwanamke akamtazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Unaitwa nani, mutoto?"

"Ngoie, kambo." Watoto wetu wa mjini humwita kila mzee kambo, nyanya wa wote.

"Njo jina ya kambo yake kabisa," nikadakia mimi, mwenye mdomo. "Mama ya mama yake. Iko ku Mulongo. Tunaenda kule ku ndoa."

Aliinamia kikapu akaanza kupanga upya samaki waliokuwa wamekwisha kupangwa. Mwanamume mmoja wa kule mbele akamwita kwa salamu, naye akainuka haraka, akaenda kusema naye pembeni kwa Kiluba cha chinichini. Yule bwana hakumwita tena safari nzima.

Ninyi mnaosoma mmekwisha kujua. Mnacheka. Mimi nilikuwa pale, nimekaa naye goti kwa goti, na sikujua.

## Fungu la mchanga

Alhamisi asubuhi tulipanda juu ya mchanga. Meli iliunguruma, ikarudi nyuma, ikajaribu tena, ikachoka. Mabaharia waliruka majini na miti mirefu wakasukuma. Nahodha alipiga kelele kwa lugha tatu. Tulikaa hapo Alhamisi nzima, na Ijumaa ikatukuta hapohapo. Jumamosi ndiyo ndoa. Nilitembea toka mwisho huu wa tishari mpaka ule, mpaka mbuzi wakanizoea.

"Kaa, baba," alisema mwanamke wa samaki. "Ndoa haitapita bila shiye kufika."

Nikadhani ananifariji tu. Alikuwa amewasha jiko la udongo, amepika bukari, amechemsha samaki kwa pilipili. Akaweka sahani moja katikati, tukala wanne, mikono yetu ikigongana. Nakumbuka alisita kwanza. Mkono wake ulisimama juu ya sahani kwa muda, nikamwambia, "Kula, mama, usiogope, samaki iko yako," nikacheka. Akala.

Alimfundisha Ngoie kusema asante kwa Kiluba. "Wafwako." Mtoto alirudia mara ishirini, kwa samaki, kwa maji, kwa mbuzi. Kisha Petelo akalala usingizi wa mchana, Ngoie akaenda kuangalia wanaosukuma, na yule mwanamke akaniuliza:

"Mama yao iko wapi?"

"Alikufaka, mama. Mwaka na nusu inapita."

"Alikufa namna gani? Unielezee."

Wengi wameniuliza, nanyi pia mliniuliza, na siku zote nilisema homa, basi. Lakini pale juu ya mchanga, mbele ya mtu nisiyemjua na ambaye sitamwona tena, mdomo ulifunguka. Nikasema siku kumi na nne za hospitali. Yeye akauliza vitu ambavyo hakuna aliyeniuliza.

"Alikuwa anakula?"

"Uji kidogo. Siku moja aliomba samaki ya kwao. Nilitafuta soko yote, sikupata."

Alifumba macho. "Nani alimunawisha?"

"Bamama majirani yetu. Balimunawisha muzuri, balimupaka mafuta."

"Nguo gani?"

"Ile ya bluu. Alikuwa anaipenda."

"Na sanduku?"

"Nilitengeneza miye mwenyewe. Mulombwa. Nilipiga randa mpaka ikakuwa kama ngozi. Sikuacha muntu mwingine aguse."

Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. Nikadhani ni moshi wa jiko. Nikafikiri tu kwamba kinamama wazee wanapenda habari za misiba, waache. Na kwa sababu alinisikiliza hivyo, na kwa sababu mimi ni mpumbavu aliyekuwa na mzigo mwaka na nusu, nikamwambia na lile. Nikamwambia neno la Albertina lote, toka Petelo ubakie naye mpaka mikono mitupu.

"Na utamuacha mutoto?" akauliza.

"Hapana. Sitasema kitu. Nani anajua? Ule mama mukwe yangu hajaniona, sitamuona. Huyu mutoto, mama, iko na sauti ya mama yake. Nikimuacha kule, nitarudia ku nyumba ya namna gani?"

Vidole vyake vilikuwa vinachezea ukingo wa sahani. Nilingoja anilaumu, au anisamehe, nilitaka moja kati ya hayo mawili.

"Utaweza kunyamaza mpaka mwisho?" akasema.

"Nitaweza."

"Bon," akasema. "Kula hii kichwa ya samaki, inapoa."

Jioni ile ya Ijumaa meli ilichomoka kwenye mchanga kwa kishindo, watu wote wakapiga kelele, na Petelo akaamka akidhani tumefika.

## Kituo cha kuni, kisha Mulongo

Jumamosi asubuhi mapema meli ilisimama kupakia kuni, si mbali na Mulongo. Mwanamke wa samaki alisema yeye anashuka hapa, kuna mtumbwi wa kumpitisha njia ya mkato. Alimwachia Petelo samaki mkubwa. Ngoie alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akamwambia jambo sikioni. Mimi nilisimama nimuage vizuri, kwa maana alikuwa amenifanyia wema, lakini akapita akiwa ameangalia chini, kitambaa amekivuta mpaka mashavuni. Nikajiuliza nimemkosea nini.

Mulongo tulimkuta Kabamba gatini. Ni mtu mkubwa, mwenye kicheko cha Albertina kabisa, mpaka alipocheka mara ya kwanza nilitazama upande mwingine. Aliwainua watoto wote wawili kwa pamoja. Wanawake walitupokea kwa vigelegele, wakamzunguka Ngoie wakamgeuza huku na huku: pua ya Albertina, miguu ya Albertina, hata kucha. Ngoie akasema "wafwako, wafwako" kwa kila mmoja, wakamwaga machozi na kucheka.

Numbi alitoka kunisalimu akiwa nusu amesukwa. Ana umri ule ambao dada yake alikuwa nao alipofika mlangoni pangu. Nilikaza meno nikauliza kitanda kiwekwe wapi.

Nilikuwa nyumbani kwa maharusi nafunga mbao Kabamba alipoingia na kuku mweupe amefungwa miguu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa asichokielewa.

"Shemeji, kuku hii iko yako. Mama anatuma."

"Ya nini?"

"Anasema alivunja buko na weye. Anasema alikula na weye sahani moja. Nilimuuliza, mama, namna gani, na hamujaonana? Anacheka tu, kisha analia."

Nyundo ilinitoka mkononi. Nilikaa kwenye kile kitanda palepale alipokuwa amekaa yeye, na mambo yote yakarudi moja moja: mkono uliosimama juu ya sahani, nguo gani, nani alimunawisha. Mama alikuwa ananiuliza kifo cha mwanawe, nami nikadhani ni moshi. Kama angejitaja, angelazimika kunipa mgongo na asisikie lolote. Alichagua kuvunja buko.

Kisha nikakumbuka na lile nililomwambia baadaye. Nikaacha kitanda nusu, nikatoka kumtafuta Ngoie.

"Ulijua?" nilimuuliza Ngoie nilipompata peke yake.

"Kambo wa bateau, wa ile meli, njo kambo wa hapa," akasema. "Alinikataza kusema, baba. Alisema ungeogopa."

## Ndoa

Ndoa ilikuwa nzuri, wote waliokuwepo watasema hivyo. Padre alichelewa, kwaya haikuchelewa. Tulikula mpaka jioni. Mimi naweza kuwaambia ndoa ile ilivyokuwa upande wa kulia tu wa uwanja, kwa sababu kila nilipogeuka kushoto, wanawake walipiga ukelele, na mtu mmoja aliyejifunika kitambaa alijificha nyuma ya mwenzake. Yeye akienda jikoni, mimi nahamishwa. Mimi nikienda kunywa, yeye anageuziwa ukutani. Vijana walifurahi sana na mchezo ule. Sisi wawili tulishika buko kuliko mtu yeyote aliyepata kulishika, tukiwa tumekwisha kulivunja lote.

Nilikuwa nangoja. Nilidhani kila dakika Kabamba atanijia na kusema, mama ametuambia yote. Usiku ukapita, Jumapili ikapita, hakuna aliyesema. Ngoie alitwanga mihogo na binamu zake. Kiluba kilikuwa kinamwingia haraka mpaka nikashangaa. Nilimsikia akiimba ule wimbo wa puani, na sauti nyingine, nyuma ya ukuta wa jikoni, ikaupokea ikauendeleza mpaka mwisho. Mimi miaka yote nilijua nusu tu. Sikujua kwamba wimbo una mwisho.

## Chini ya ukumbi wa Kabamba

Jumatatu, siku moja kabla ya meli kupanda mto, familia ilikaa. Wanaume ukumbini, wanawake ndani, mlango wazi, na mama mkwe nyuma ya ukuta. Walizungumza mambo ya marehemu kwa utaratibu. Walinishukuru kwa kumtunza. Kisha Kabamba akaniuliza, kama inavyopasa:

"Shemeji, muntu akikufa anaachaka neno. Albertina aliacha neno gani?"

Niliangalia ukuta. Nilingoja akohoe, aite jina langu, aseme niliyomwambia juu ya mchanga. Angeweza kunivua nguo mbele ya ukoo wote kwa sentensi moja na angekuwa na haki. Hakusema. Nikaelewa kwamba hatasema hata kesho. Angeniacha nipande meli na watoto wote wawili, na watu wangenipungia mkono, na yeye angeingia jikoni.

"Hakuna neno?" Kabamba akauliza mara ya pili, akitaka kupita kwenye jambo lingine.

Kama angenidai, haki ya Mungu, ningekataa. Ningegombana nao wote. Lakini hakudai, na nilishindwa.

"Liko," nikasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Alisema Petelo nibakie naye. Ngoie nimulete kwa mama yake, mama asibakie mikono mitupu. Nililificha kwa sababu sikuweza kumuacha huyu mutoto. Sasa nimelisema."

Mzee mmoja alitazama miguu yake. Mlangoni akatokea Ngoie, ametumwa. Alisimama wima kama shuleni anaposoma ubaoni.

"Kambo anasema asante," akasema. "Anasema alikuwa amelisikia, lakini kule ku bateau ulimwambia muntu wa njia. Leo umemwambia yeye."

"Bateau gani?" Kabamba akauliza.

Nililia, marafiki. Nililia mbele ya shemeji zangu na suruali yangu ya ndoa, na nyuma ya ukuta nilimsikia analia naye. Ngoie alikuwa kati yetu, hajui aende kwa nani kwanza. Alikuja kwangu. Akaniuliza kama Petelo atajua kufunga viatu. Nikamwambia nitamfundisha. Akasema kitanzi cha kwanza kiwe kikubwa, la sivyo atalia.

Kisha ujumbe mwingine ukatoka ndani: kila kiangazi, maji yakipungua na shule zikifungwa, Kabamba atampandisha mtoto mpaka Bukama, na mimi nitamfuata pale. Nikasema nimekubali.

## Kupanda mto

Meli ilikuja siku yake, siku ambayo ningefurahi ichelewe. Mama mkwe hawezi kuja gatini mkwe anapoondoka, kila mtu alijua hivyo. Lakini kamba zilipofunguliwa nilimwona juu ya ukingo, amesimama na Ngoie. Ngoie alitazama meli. Yeye alikuwa amenipa mgongo, ametazama vijiji, kama inavyotakiwa, mkono wake wa kulia ukiwa umeshika wa mtoto.

Petelo alikuwa begani mwangu akimwita dada yake kwa nguvu zote. Ngoie alipunga mara nyingi, halafu akaacha kupunga, akapangusa macho kwa mkono. Niliangalia mgongo ule. Chini ya kitambaa kile kuna uso ambao sitauona tena maisha yangu, nami naujua kuliko nyuso zote za ukoo ule: mkunjo kando ya mdomo, jicho moja dogo kidogo, ndivyo Albertina angekuwa akizeeka. Nilikuwa nimepewa siku tatu za kuuangalia, na nilizitumia kuhesabu saa za meli.

"Mubakie muzuri, mama!" nikapaza sauti. Haifai, najua. Watu wa tisharini waligeuka kunitazama.

Hakugeuka. Lakini mkono wake wa kushoto, uliokuwa huru, aliuleta nyuma ya mgongo wake, akaufungua, akaufumba, akaufungua tena. Niliupungia mpaka mafunjo yakatuziba.